Montalcino: Mwaka ulioandikwa kwenye chupa ya Brunello unasimulia nini?

Katika mji mdogo wa Montalcino, uliojengwa juu ya kilima kusini mwa Siena katika mkoa wa Toscana nchini Italia, ukuta wa jengo la manispaa umepambwa kwa vigae. Kila kigae kina mwaka wake, na kwa muda mrefu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 vigae hivyo vimekuwa vikibeba pia nyota, kuanzia moja hadi tano. Nyota hizo ni hukumu ya chama cha wazalishaji wa Brunello, mvinyo mwekundu ulioupa mji huo jina duniani, juu ya mavuno ya mwaka husika. Mavuno ya 2002 yalipewa nyota mbili. Yale ya 2010, 2015 na 2016 yalipewa tano.

Kwa mkulima tofauti hiyo ni fedha, na ni fedha inayochelewa kuja. Hukumu ya nyota ilikuwa ikitolewa miezi michache tu baada ya zabibu kuvunwa, ilhali kanuni haziruhusu Brunello kuuzwa kabla ya tarehe mosi Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Katika muda huo ni lazima mvinyo ukae angalau miaka miwili ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni. Daraja la juu zaidi, liitwalo Riserva, husubiri mwaka mmoja zaidi. Kwa hiyo zabibu zilizokatwa mwaka 2016 zilianza kuuzwa kama Brunello Januari 2021, wakati vibarua, mapipa na riba ya benki vilikwisha kulipwa zamani.

Hatari ya kusubiri huko ilidhihirika usiku mmoja wa Desemba 2012. Mtu aliingia katika ghala la Case Basse, shamba la mzalishaji mashuhuri Gianfranco Soldera, akafungua mabomba ya mapipa. Zaidi ya lita 60,000 zilimwagika. Aliyetiwa hatiani baadaye alikuwa mfanyakazi wa zamani wa shamba hilo. Kilichopotea kilikuwa karibu mavuno yote ya miaka sita, kuanzia 2007 hadi 2012, ukiwemo mwaka 2010 ambao wengi wanauhesabu kuwa miongoni mwa miaka bora kabisa ya Montalcino. Soldera aliendelea kutengeneza mvinyo hadi alipofariki mwaka 2019, lakini miaka ile haikuweza kuvunwa tena.

Aina moja tu ya zabibu

Sababu ya mwaka kuwa na uzito mkubwa namna hii ni kwamba Brunello hutengenezwa kwa zabibu za aina moja pekee, Sangiovese. Huko Bordeaux, nchini Ufaransa, mzalishaji huchanganya aina kadhaa; moja ikiharibiwa na mvua, nyingine huweza kuziba pengo. Montalcino hakuna cha kuziba pengo. Nayo Sangiovese huiva kwa kuchelewa, hivyo mvua ya Septemba inaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima katika wiki mbili.

Kishawishi cha kuikwepa kanuni hiyo kilizaa kashfa kubwa mwaka 2008, pale waendesha mashtaka walipochunguza madai kwamba sehemu ya mvinyo wa 2003 ilikuwa imechanganywa na zabibu za aina nyingine. Marekani, mnunuzi mkubwa wa Brunello, ilitishia kuuzuia mvinyo huo usiingie bila uthibitisho rasmi. Miaka mitatu baadaye wazalishaji walipiga kura na kukataa kuruhusu mchanganyiko hata katika mvinyo wao mwepesi zaidi, Rosso di Montalcino.

Miaka inapowekwa mezani

Chupa za miaka mbalimbali zikifunguliwa pamoja, tofauti hujitokeza hata kwa mtu asiye mzoefu. Brunello ya 2010 ilitokana na msimu usiokuwa na pupa. Joto lilikuwa la wastani na zabibu ziliiva polepole. Ina uchachu wa kutosha na ukakasi imara, ile hali ya ulimi kukauka kama baada ya kunywa chai ya rangi iliyokolea. Ukakasi huo humkera anayefungua chupa mapema, lakini ndio unaoiwezesha kuishi miongo mingi. Ya 2015 ni mtoto wa jua: laini, nene, tayari kupendwa tangu siku ya kwanza. Ya 2016, iliyopata mchana wa joto na usiku wa baridi, ina ukarimu wa 2015 na uti wa mgongo wa 2010. Kati ya hizo tatu, mwenye nafasi ya kuhifadhi chupa moja tu hatajuta akiichagua hiyo ya mwisho.

Mwaka 2014 ulikuwa kinyume chake. Mvua ilinyesha katikati ya kiangazi, na msimu huohuo mizeituni ya Toscana iliharibiwa vibaya na nzi wa zeituni. Baadhi ya wazalishaji waliamua kutotoa Brunello kabisa, wakaushusha mvinyo wao hadi daraja la Rosso na kukubali bei ndogo. Wengine walichambua kichala kwa kichala na kupata mvinyo mwepesi, wenye harufu nzuri, unaofaa kunywewa bila kusubiri. Nyota tatu za mwaka ule haziwezi kumweleza mnunuzi ni nani alichambua na nani hakuchambua.

Wala si mara moja nyota zimepotosha. Mavuno ya 2003, mwaka wa wimbi la joto lililoua makumi ya maelfu ya watu barani Ulaya, yalipewa nyota nne, lakini chupa zake nyingi zilichoka mapema kwa kuwa joto lilikuwa limekula uchachu wa zabibu. Mwaka 2018, uliokuwa na mvua na ukafunikwa na sifa za 2016 na 2019, ndio uliotoa Brunello ya shamba la Argiano ambayo jarida la Marekani la Wine Spectator liliitangaza kuwa mvinyo bora wa mwaka 2023.

Hofu imebadilika

Zamani mkulima wa Montalcino aliogopa baridi na mvua, na mwaka wa joto ulikuwa bahati. Sasa joto ndilo linalomkosesha usingizi. Mwaka 2017 jalidi ya Aprili iliunguza machipukizi, kisha ukame ukafuata na mavuno yakapungua sana. Zabibu zinapowahi kuiva, sukari hupanda na kilevi huongezeka, huku uchachu ukishuka kabla harufu hazijakamilika.

Ndiyo maana miteremko inayoelekea kaskazini, ambayo vizazi vilivyopita viliidharau kwa kuwa na baridi, sasa inatafutwa. Kanuni zilizokataza kupanda mizabibu ya Brunello juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari nazo zimeondolewa. Hata hivyo, mzabibu mchanga huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya kutoa zabibu za kufaa, na mvinyo wake huhitaji tena miaka ile ya kusubiri. Mkulima anayepanda leo kwenye mteremko mpya hataonja matokeo yake sokoni kabla ya miaka minane hivi, na hajui majira ya joto yatakuwaje wakati huo.