Tairi la Pili Si Spea

Madereva wengi wa Canter na malori madogo ya aina yake huyachukulia matairi mawili ya kila upande wa nyuma kama bima: moja likipata pancha, mwenzake atafikisha mzigo. Namba zilizochapwa ubavuni mwa matairi hayo zinasema vingine.

Chukua tairi la 7.00R16 lenye alama 117/116, ambalo si geni kwenye magari haya. Namba ya kwanza inaonyesha uwezo wake likifungwa peke yake, kama mbele: kilo 1,285. Ya pili ni uwezo wake likiwa na pacha: kilo 1,250. Uwezo huo umepunguzwa kwa sababu matairi yaliyopakana hayagawani mzigo sawasawa kila wakati, wala hayapoi vizuri. Sasa gari likiwa limejaa kufikia kikomo cha matairi yake, moja likaisha upepo, pacha wake hutwishwa kilo 2,500, karibu mara mbili ya uwezo wake. Huenda akakufikisha. Lakini nyuzi zake zitakuwa zimeumia, na siku atakapopasuka, lawama itapewa barabara.

La kuchungwa zaidi ni tairi la ndani. Halionekani kwa urahisi, liko karibu na ngoma ya breki yenye joto, na hewa ya kulipoza hulifikia kidogo. Upepo wake ukipungua, la nje hubeba sehemu yake na gari halionyeshi kuinama. Tairi la namna hiyo hujikunja katika kila mzunguko, likapata joto, na likiachwa liendelee linaweza hata kuwaka moto. Utingo anayegonga matairi kwa nyundo atalitambua lililolala kabisa, ila hatalitambua lililopoteza robo ya upepo wake. Dawa ni geji. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na ulinganishe pacha na pacha; tofauti ya paundi 5 tayari ni kubwa. Tairi likiwa moto usilipunguze upepo, maana likipoa litakuwa chini ya kipimo.

Ili la ndani lipimike, valvu yake lazima ifikike kupitia tundu la ringi ya nje. Mwambie fundi afunge ringi hizo valvu zikiwa pande mbili zinazokabiliana, na kila valvu iwe na kofia yake. Tairi lililotembea likiwa chini ya asilimia 80 ya upepo wake lisijazwe papo hapo. Livuliwe, likaguliwe ndani na nje, kisha lijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Waya zilizochoka ubavuni zinaweza kufumuka kwa mkupuo na kumuua anayejaza.

Nati nazo zina utaratibu wake. Kwenye Canter nyingi za mtindo wa Kijapani, ringi ya ndani hushikwa na nati yake, na ya nje na nati nyingine inayofungwa juu ya ile ya kwanza. Huwezi kukaza ya ndani bila kwanza kulegeza ya nje. Anayekaza za nje tu anaweza kuacha ringi ya ndani ikicheza mpaka stadi zikatike. Kumbuka pia kwamba upande wa kushoto nyuzi huenda kinyume, na mara nyingi stadi zake huwa na alama ya L. Safisha kutu, matope na rangi nene mahali ringi zinapogusana, kaza kwa kuvusha kutoka nati moja hadi ile inayoikabili, kisha rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati ni dalili kwamba imelegea.

Ukitoka barabara ya changarawe, chungulia katikati ya pacha. Jiwe lililonasa hapo hukata mbavu za matairi yote mawili, au huchomoka kwa kasi na kumpiga aliye nyuma.

Mwisho ni kuoanisha. Pacha huzungushwa na ekseli moja, hivyo hayana budi kwenda mwendo mmoja hata kama vimo vyao vinatofautiana. Kwa saizi hii, tofauti ya kipenyo isizidi milimita 6, sawa na milimita 19 hivi ukizungusha futi ya kamba kwenye tairi. Hata hapo, pacha huburuzana karibu mita 8 kila kilomita; kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita moja na nusu ya mpira kusuguliwa lami bure. Lililo dogo kidogo lifungwe ndani. Usichanganye tairi la waya na la nailoni, wala jipya na kipara.

Ndiyo maana kununua tairi moja jipya na kulifunga kando ya kuukuu ni hasara: jipya, kwa kuwa ni refu, hubeba mzigo wa wawili na kuchakaa kabla ya wakati. Kama saizi ya mbele na nyuma ni moja, nunua mawili, yafunge mbele, na yaliyotoka mbele, ikiwa bado ni mazima na yanalingana, yapeleke nyuma yakiwa pacha.