Mwanao akiomba ndoano, nenda naye mtoni

Bukoba. Ukiwa mzazi wa Kibeta unaijua Jumamosi ilivyo. Kazi za asubuhi zikiisha, watoto wanapotea mmoja mmoja. Ukiwaita, anaitika mdogo peke yake. Wakubwa wameshateremka Mto Kanoni na ufito, mshipi wa nailoni, ndoano na kopo la minyoo iliyochimbwa kwenye migomba.

Jioni wanarudi na kambale wawili na suruali zilizolowa hadi magotini. Watafokewa kwa kuchelewa, kisha samaki wataingia chunguni na ndizi. Suruali zitaanikwa, na hakuna atakayeuliza zililowa wapi na kwa muda gani.

Swali hilo ndilo lenye uzito kwa afya ya mtoto.

Kinachoingia bila kubisha hodi

Kanda ya Ziwa ni eneo lenye kichocho, hasa kichocho cha tumbo. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wadogo wanaopenda maji yanayokwenda taratibu na yenye majani, yaani pale pale ambapo mtoto hupenda kutupa ndoano.

Vikitoka kwa konokono, vimelea hivyo huogelea vikitafuta mtu. Havihitaji kidonda wala maji ya kunywa. Hupenya ngozi nzima ndani ya dakika chache, na mtoto hasikii maumivu. Vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi jua linapopanda, kuelekea adhuhuri, ingawa hakuna saa ambayo maji yenye konokono hao ni salama kabisa.

Baada ya wiki kadhaa minyoo hukomaa kwenye mishipa ya damu na kuanza kutaga mayai. Baadhi ya mayai hutoka kwa haja kubwa, mengine hunasa kwenye utumbo na ini. Ndipo mtoto analalamika tumbo, anaharisha, wakati mwingine choo kina damu. Akiambukizwa tena na tena bila tiba, anapungukiwa damu, anadumaa, anachoka darasani, na miaka ikienda ini linaharibika.

Mzunguko huu huanzia kwenye choo. Mtu mwenye kichocho akijisaidia mtoni au kando yake, mayai huingia majini na kuwafikia konokono. Kwa hiyo mtoto afundishwe pia kutojisaidia karibu na maji.

Kukataza hakutoshi

Wazazi wengi wa Bukoba wana sababu nyingine ya kuogopa maji. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Watoto wa leo hawakuwepo, lakini wamelelewa na watu wanaoikumbuka siku ile.

Hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Hata hivyo, mtoto anayekatazwa mto ulio karibu na nyumbani haachi kwenda. Anaacha kuaga. Mtoto aliyekwenda kwa siri hana mtu mzima wa kumvuta akiteleza, na akirudi na tumbo linalouma hasemi alikuwa wapi.

Njia iliyo salama zaidi ni kumtoa mwenyewe, kama unavyotoka naye kuokota senene msimu ukifika. Saa mbili za asubuhi zinatosha.

Samaki bila kulowa

Kuvua hakumlazimu mtu kulowesha miguu. Kwenye mito ya baridi ya milimani nchini Kenya kuna watu wanaovua samaki aina ya trauti kwa chambo cha manyoya kilichofungwa kama mdudu. Trauti waliletwa kutoka Uskoti na kupandikizwa Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, mwaka 1905. Wavuvi hao wakiingia mtoni huvaa suruali za mpira zinazofika kifuani, na wanatoka wakiwa wakavu.

Trauti anataka maji ya baridi, hivyo usimtafute Bukoba. Huku kuna kambale, sato na furu, na mnyoo kwenye ndoano unatosha. Suruali ya mpira nayo si lazima. Ufito mrefu na ukingo mkavu vinafanya kazi hiyo hiyo.

Kabla ya kutoka, zingatia haya:

• Nenda mapema asubuhi, na chagua ukingo mgumu, usio na utelezi wala matete mengi.

• Mvalishe mtoto gambuti. Ndoano ikinasa majini, kata mshipi. Ndoano moja haina thamani ya kumfanya mtoto aingie mtoni.

• Mtoto wa chini ya miaka mitano awe mahali unapoweza kumshika kwa mkono. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, hivyo simu ibaki mfukoni.

• Mvua ikinyesha, ahirisha. Kanoni hupita katikati ya mji, hufurika, na hubeba kila kilichotupwa mitaani.

• Kabla mtoto hajarusha ndoano, hakikisha hakuna mtu nyuma yake. Ndoano ikiingia jichoni usiivute. Mkinge jicho bila kulikandamiza na mpeleke hospitali. Ikimchoma kwingine, osha kwa sabuni na uulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda.

• Mto Kagera si wa kujaribia na watoto. Una mamba na viboko.

Kama ameshalowa

Kumfuta kwa taulo haraka si kinga ya kutegemea. Andika tarehe. Akipata homa, muwasho au maumivu ya tumbo, mpeleke kituo cha afya na useme wazi kuwa aliingia mtoni. Hata asipoumwa, apimwe wiki sita hadi nane baadaye, kwa sababu kipimo cha mapema kinaweza kukosa mayai.

Dawa ni prazikwanteli, na kipimo chake hutegemea uzito au urefu wa mtoto, hivyo usimkadirie nyumbani. Huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi asiambukizwe tena. Aliyemeza dawa shuleni mwezi uliopita anaweza kuambukizwa Jumamosi hii.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, kopo la minyoo likianza kuzunguka uani, usifoke. Uliza gambuti ziko wapi, mtangulie mlangoni, na mkirudi kabla jua halijawa kali, tazama kwanza miguu yake, kisha ndoo ya samaki.