Kabla hujanunua lori, jua uchakavu wake kwenye kodi

Mfanyabiashara wa Namanga au Busia aliyechoka kukodi lori hupiga hesabu ya bei, mafuta na riba ya benki. Kuna hesabu moja zaidi inayogusa mfuko wake: uchakavu.

Kwenye vitabu vya kampuni, mhasibu anaweza kugawa bei ya lori sawasawa kwa miaka minane. Anaruhusiwa. Lakini mamlaka ya mapato haifuati vitabu hivyo. Hufuata viwango vya sheria.

Tanzania, lori linalobeba chini ya tani 7 hupunguzwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Lori zito ni asilimia 25. Kenya nayo ilitoa 37.5 kwa malori ya zaidi ya tani 3, lakini mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yaliyashusha hadi 25.

Chukua kampuni ya Tanzania iliyonunua lori zito kwa Sh80 milioni. Mwaka wa kwanza inapunguza Sh20 milioni kwenye faida. Kwa kodi ya asilimia 30, Sh6 milioni hazilipwi mwaka huo. Mwaka wa pili nafuu hushuka hadi Sh4.5 milioni. Kama ingenunua malori madogo mawili kwa fedha hizohizo, nafuu ya mwaka wa kwanza ingefika Sh9 milioni.

Hiyo si zawadi. Kilichopunguzwa leo hakipunguzwi tena kesho. Unachopata ni muda wa kuzungusha fedha, na mwenye mkopo anajua thamani ya muda huo.

Si kila mtu anaipata nafuu hii. Anayelipa kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3 nchini Kenya, au kodi ya makadirio Tanzania, hapunguzi uchakavu. Kampuni yenye hasara husubiri hadi ipate faida. Na ukiuza lori kwa bei inayozidi thamani iliyobaki kwenye hesabu za kodi, ziada hiyo inaweza kurudi kwenye kodi.

Kwa hiyo, mizigo ya kutosha iwe sababu ya kwanza ya kununua, kodi ifuate. Ukishanunua, tunza mkataba, risiti na nyaraka za forodha. Bila ushahidi wa bei, hakuna uchakavu utakaokubaliwa.