Baridi, Moto na Watu wa Nyumbani

Wasomaji wetu wapenzi wa Tanga, Pangani na visiwani, ambao kipupwe kwao ni upepo wa kusi na usiku wa kujifunika shuka moja, huenda wakastaajabu tukiwaambia kwamba sisi wa milima ya Usambara hukaa miezi mitatu tukitoa mvuke kinywani kama watu wavutao tumbako. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na vijiji vyetu vingine vimepanda zaidi ya hapo. Tangu Juni ukungu hushuka mabondeni jioni, ukalala na watu, na asubuhi hauondoki mpaka saa nne. Ziko siku hauondoki kabisa. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliipenda sana hali hiyo, wakaupa mji ule jina la Wilhelmstal. Lakini wao walikuwa na makoti ya sufi.

Wengi hudhani kuwa mwanzo wa baridi ndio mgumu. Sivyo. Mwezi wa Juni mtu anazo kuni kavu alizozihifadhi darini, blanketi limefuliwa likaanikwa, na watoto waona baridi kuwa ni mchezo. Agosti ikifika kuni zilizobaki ni mbichi, blanketi limetoboka, watoto wana mafua ya mwezi mzima, na subira ya wakubwa imekwisha. Mtu aliyechoka na baridi hutenda mambo ambayo asingeyatenda mwanzoni mwake. Kwa ajili hiyo tumeona tuwaandikie khabari za wiki moja tu, ile ya Agosti 23 hadi 29 mwaka 2025, ambayo ndani yake uliandama mwezi wa Mfungo Sita wa 1447, jinsi ilivyopita nyumbani kwetu. Hatukuichagua kwa uzuri wake.

Nyumba yetu ina watu sita: sisi na ahali yetu, mama yetu mzazi ambaye umri wake umekaribia miaka themanini, kijana wetu wa kiume asomaye sekondari, binti yetu wa miaka kumi na mmoja, na mjukuu wetu wa miaka sita. Mama hulala na mjukuu katika chumba kidogo cha upande wa mashariki, ambacho dirisha lake halifungiki sawasawa. Siku ya Jumamosi mama alilalamika kwamba upepo wampiga mgongoni. Sisi, kwa kutaka radhi yake, tukachukua magunia na vitambaa vikuukuu, tukaziba kila upenyo wa dirisha lile, na chini ya mlango tukaweka zulia la zamani. Mama akatuombea dua ndefu, nasi tukafurahi sana kwa kazi ile ya mikono yetu. Twaomba msomaji aikumbuke.

Jumapili ahali yetu aliamka na homa. Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo, kwa umri wetu, ni aibu kulijifunza. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiamka alfajiri, mnamo saa kumi na moja, tukikuta sufuria ya maji ya moto juu ya mafiga na kopo limewekwa kando yake. Tukitawadha, tukienda msikitini, na wala haikutupitia akilini kuuliza maji yale yalipata moto kwa njia gani. Jumapili ile tuliwasha moto sisi wenyewe. Kuni za miwati zilikuwa zimenyonya ukungu. Zikafuka moshi, zikatoa machozi, hazikuwaka. Tulipopata maji ya vuguvugu ya kuwatosha watu watatu, jamaa ya alfajiri ilikuwa imekwisha kutoka msikitini. Tuliswali nyumbani pamoja na watoto, macho mekundu, na mwalimu wa madrasa akachelewa darasani kwake mwenyewe.

Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari, nasi tumeisomesha mara nyingi. Kuisomesha ni jambo jepesi. Tangu Jumatatu tumegawana zamu ya moto baina yetu na kijana wetu, naye hakupendezwa. Akasema kwa adabu kuwa yeye atatawadha kwa maji baridi ya pipani ili apate thawabu zaidi.

Yafaa tuseme neno hapa, kwa kuwa vijana wengi hushika dhana hiyo. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja kutimiza udhu wakati wa mashaka miongoni mwa mambo yafutayo madhambi. Lakini hayo ni kwa yule aliyefikwa na mashaka, si kwa yule ayatafutaye hali maji ya moto yapo jikoni. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameona ni karaha kutawadha kwa maji ya baridi kali, kama ilivyo karaha kwa maji ya moto mkali, kwa sababu yote mawili humzuia mtu asiyaeneze maji viungoni inavyopasa. Tulimweleza kijana, akanyamaza. Tulivyomdhania sisi, hakuwa akitafuta thawabu bali usingizi.

Madrasani nako baridi ilikuwa na mambo yake. Tuna mwanafunzi mmoja, mtoto mpole, aliyekuwa akichelewa kila siku tangu Julai, nasi tulikuwa tukimsimamisha mlangoni kuwa funzo kwa wengine. Siku ya Jumanne binti yetu alitwambia tukiwa chakulani: "Baba, yule humngoja kaka yake arudi kukamua ng'ombe. Sweta lao ni moja." Tulikuwa tunakula makande, na lile tonge halikushuka. Ahali yetu hakusema kitu. Siku ya gulio alinunua sweta la mtumba, akampelekea mama wa mtoto kwa mlango wa nyuma, akisema limembana kijana wetu.

Sasa tufike penye shabaha ya makala hii.

Usiku wa kuamkia Alhamisi ulikuwa wa baridi kuliko zote za wiki ile. Ukungu uliingia hata sebuleni, taa ikaonekana kama iko mbali. Mama alisema miguu yake imekufa ganzi. Tulikwenda uani, tukachukua jiko la makaa, lile ambalo wazee wa pwani huliita seredani, tukaliingiza chumbani kwake, karibu na kitanda. Ahali yetu alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, makaa ndani, na dirisha umeliziba?" Tukamjibu kwa ukali kidogo kwamba makaa yameiva, hayana moshi hata chembe, na asichokiona mtu hakimdhuru. Akasema, "Haya, wewe ndiye msomi." Tukafunga mlango ili joto lisitoke.

Mnamo saa tisa za usiku binti yetu alitoka kwenda msalani, akasikia mjukuu akitapika. Aliita, "Bibi! Bibi!" wala bibi hakuitika. Alipofungua mlango alituita kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia kwake. Tulimkuta mama amelala macho nusu wazi, akitamka maneno yasiyo na mpango, akiniita kwa jina la marehemu ndugu yetu. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilichotiwa maji. Chumbani hamkuwa na moshi. Hamkuwa na harufu yo yote. Kulikuwa na joto zuri tu.

Tuliwabeba wote wawili mpaka uani, katika ukungu ule ule tuliokuwa tukiukimbia. Kijana wetu akamlaza bibi yake juu ya mkeka na kumfunika koti lake mwenyewe, ahali yetu akampakata mtoto. Walivuta ile hewa baridi, na kadiri walivyoivuta ndivyo akili zilivyowarudia. Jirani mwenye gari aliamshwa. Kabla ya adhana ya alfajiri tulikuwa hospitalini, wakavishwa hewa ya oksijeni, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu wote wawili wako hai leo. Mama aliumwa na kichwa siku mbili.

Muuguzi wa zamu, mwanamke kijana ambaye angeweza kuwa binti yetu, alituuliza maswali mawili tu: "Jiko lilikuwa ndani? Dirisha lilikuwa wazi?" Kisha akatueleza kwa heshima. Makaa yawakayo katika chumba kisichopata hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu huizunguka mwilini ikidhani imebeba uhai, kumbe haikubeba kitu. Mtu husikia kichwa kizito, kichefuchefu na usingizi, na ule usingizi ndio humzuia asiamke kujiokoa. Makaa yaliyoiva vizuri, yasiyo na moshi, hutoa gesi hiyo vile vile. Akaongeza kwamba hata mtu akizindukia nje akajiona mzima, apelekwe hospitali.

Ndugu wasomaji, tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali tulikumbuka hadithi ambayo tumewahifadhisha watoto kwa zaidi ya miaka ishirini. Bukhari na Muslim wameipokea, kwamba nyumba moja mjini Madina iliwaka moto usiku juu ya wenyewe, na Mtume (S.A.W.) akasema ya kuwa moto ni adui, akaamuru uzimwe watu wanapokwenda kulala. Katika mapokezi mengine yametajwa makatazo ya kuuacha moto majumbani wakati wa usingizi, na panya anayeburuta utambi wa taa. Sisi tulikuwa tukiieleza hadithi hiyo kwa panya na utambi, na kusema hekima yake ni kuepusha nyumba isiungue. Makaa hayatoi ndimi za moto, kwa hiyo tukajihukumia kwamba hayamo. Aliyetoa amri hakubagua moto wa namna hii na namna ile. Sisi ndio tuliobagua, kwa kutegemea macho yetu.

Alhamisi alasiri tulikwenda darasani. Watoto walikuwa wamejipanga kufanya mazoezi ya kasida za Maulidi, nasi tukawaomba wakae chini kwanza. Tuliwasimulia yote, pamoja na neno la ukali tulilomwambia ahali yetu. Kisha tukauliza ni nani ambaye kwao jiko huingizwa chumbani usiku. Mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko tulivyotaraji. Mtoto mmoja akasema, "Shikamoo Mwalimu, sisi hulifunika majivu ili lidumu mpaka asubuhi." Siku ile kasida haikuimbwa. Tuliwatuma makwao na maneno matatu ya kuwaambia wazazi: jiko libaki nje, dirisha lisizibwe kabisa, na mwenye baridi apashwe kwa njia nyingine. Njia hizo wazee wetu walizijua: jiwe lililopashwa moto likazungushiwa kitambaa kizito, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringwa katika kanga, soksi mbili, na watoto kulala pamoja. Baadhi ya wazazi walitujia jioni kuuliza. Mmoja alitwambia kwamba baba yake alifanya hivyo miaka arubaini na hakufa. Tukamwambia pengine dirisha lake lilikuwa bovu. Hakuridhika.

Ijumaa jua lilitoka saa tatu, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa siku kumi. Baada ya sala tulichomoa magunia yote dirishani, na mama akakaa uani juu ya mkeka, mjukuu kichwa mapajani pake, wakiota jua kama kuku. Usiku alituita akauliza jiko liko wapi. Tukamwambia liko nje, limezimwa kwa maji.

"Na miguu yangu, mwanangu?"

Tukavua soksi zetu tukamvisha.