Meza Inayotosha Watu Wote wa Nyumbani



Katika toleo hili tumeona vema tuzungumzie meza ya kulia chakula. Huenda wapo watakaojiuliza jarida la maendeleo lina shughuli gani na samani za nyumbani. Jibu letu ni kwamba, baada ya kiwanja, saruji na mabati, meza kubwa na viti vyake ni miongoni mwa manunuzi mazito ambayo familia nyingi za Kigongo na vijiji vya jirani hufanya, na mara nyingi hufanywa bila hesabu. Kamati za arusi nazo huchanga fedha kwa ajili ya zawadi ya namna hii. Fedha ikipotea hapo, kilichopotea ni ada ya shule au gharama ya matibabu.

Ipo pia sababu ya pili. Meza huamua nani anakula na nani. Katika nyumba nyingi tunazozifahamu, meza ya viti sita imekaa sebuleni ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Baba na mgeni hula hapo. Mama, bibi na watoto hula jikoni. Meza iliyonunuliwa kwa jasho la wote imekuwa ya wachache. Kwa hiyo shauri letu katika makala hii ni moja: meza ipimwe kwa idadi ya watu wa nyumbani, wala si kwa macho ya wageni.

Tuanze na watu

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Huku Kanda ya Ziwa nyumba nyingi zina watu zaidi ya hao: wapo watoto, bibi, mpwa anayesoma sekondari, na kijana anayesaidia shambani au mwaloni. Kabla ya kwenda kwa seremala, mama na baba wa nyumba wakae pamoja na kuhesabu wanaokula usiku wa siku ya kawaida. Hesabu hiyo waongeze watu wawili kwa ajili ya wageni. Idadi inayopatikana ndiyo idadi ya nafasi za meza yao.

Tunajua kwamba kula pamoja kwenye meza moja si desturi ya asili ya kila nyumba. Kwa Wasukuma, wanaume na vijana walikula shikome, penye moto wa jioni, na hapo ndipo wazee walipofundisha vijana mambo ya ukoo na maisha. Wanawake na watoto wadogo walikula upande wao. Desturi hiyo ilikuwa na hekima yake, maana chakula kilikwenda pamoja na mafundisho. Leo watoto wanatoka shuleni, mama anatoka gengeni, baba anatoka ziwani, na moto wa shikome katika nyumba nyingi haupo tena. Mafundisho yale yanahitaji mahali pengine pa kukaa, na meza inaweza kuwa mahali hapo ikiwa watoto nao wana nafasi.

Lipo na suala la lishe. Wataalamu wa afya hushauri kwamba mtoto mdogo aliyeanza kula apewe sahani yake mwenyewe, ili mama aone amekula kiasi gani. Wakila sinia moja, mwenye mkono mwepesi humaliza sato, na mdogo hubaki na ugali na mchuzi. Mtoto akikaa mezani na sahani yake, wazazi wote wawili wanaona.

Pili, chumba

Mafundi wetu hupima kwa futi na inchi, nasi tutafuata hivyo.

- Kila mtu anahitaji futi 2 za ukingo wa meza ili ale bila kugongana viwiko na jirani.
- Upana wa meza uwe futi 3 hadi 3 na nusu, ili sahani za pande mbili zikae na mabakuli yapate nafasi katikati.
- Nyuma ya ukingo wa meza ziachwe futi 3 hadi ukutani, ili mtu avute kiti na mwingine apite na sufuria ya moto.

Tuchukue mfano. Meza ya futi 8 kwa 3 na nusu inakaliwa na watu wanne kila upande na mmoja kila mwisho, jumla 10. Ukiongeza futi 3 kila upande, unahitaji chumba cha futi 14 kwa 9 na nusu. Sasa tuangalie chumba cha futi 12 kwa 10. Meza hiyo itaingia, lakini watu hawatapita. Chumba hicho kinafaa meza ya futi 6, yenye nafasi nane.

Je, familia yenye watu 10 na chumba cha futi 12 ifanye nini? Ipo njia rahisi: kiti cha mwisho wa meza, upande mmoja, kiondolewe na meza isogezwe kwenye ukuta huo. Meza ya futi 8 na nafasi ya futi 3 mwisho wa pili ni futi 11, na watu tisa wanakaa. Upande mmoja ukiwekewa benchi, watoto wanne husogeleana na wa tano hupata nafasi. Hapo 10 wametimia. Watu wakiisha kula, benchi huingizwa chini ya meza na chumba kinapumua.

Njia nyingine ni kuunda meza mbili za futi 4 zenye kimo na upana sawasawa. Siku zote huunganishwa na kuwa moja. Siku ya jumuiya au ya msiba hutenganishwa na kutolewa uani. Tunashauri mchoro wa meza uwekwe kwanza sakafuni kwa chaki, na viti vya kuazima vipangwe kuuzunguka. Nusu saa ya chaki huokoa fedha nyingi.

Tatu, mbao

Mninga ndio unaosifiwa, na sifa hizo ni za haki. Ukikauka hausinyai sana, hupendeza, na wadudu hawaupendi. Lakini ni mti wa misitu ya miombo, kama ile ya Tabora na Katavi, nao huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Mwezi Novemba 2022, katika mkutano wa Panama, nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa CITES ziliweka jamii za mninga na mkongo za Afrika katika orodha ya pili ya miti ambayo biashara yake ya nje lazima idhibitiwe. Kununua mninga hapa nchini si kosa, mradi umevunwa kwa kibali. Mnunuzi aulize risiti, na muuzaji awe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Ubao wa bei rahisi mno usio na karatasi humletea mnunuzi matatizo pamoja na seremala wake.

Mbao za kupandwa zisidharauliwe. Paina hupatikana karibu, kwa kuwa Mkoa wetu wa Mwanza una mashamba ya miti ya serikali ya Buhindi, wilayani Sengerema, na Rubya kisiwani Ukerewe. Paina ni laini, hukwaruzika na huliwa na mchwa usipowekwa dawa, lakini ikikauka vizuri na kupigwa vanishi hutoa meza ya heshima. Mgrevilea unaopandwa mipakani mwa mashamba nao hufaa. Familia yenye miti yake ya miaka mingi inaweza kupasua mbao zake yenyewe, baada ya kuuliza taratibu za kibali kwa ofisa misitu.

Usafiri nao umebadilika. Zamani mzigo wa mbao kutoka Sengerema au Geita ulisubiri kivuko hapa Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, gari linavuka kwa dakika chache. Maana yake ni kwamba mnunuzi anaweza kulinganisha bei za pande zote mbili za ziwa kabla ya kuamua.

Ulinganishe pia uzito. Uso wa mninga wa futi 8 kwa 3 na nusu, wenye unene wa inchi 1, una uzito wa takriban kilo 40. Wa paina haufiki hapo. Kama meza itahamishwa mara kwa mara, jambo hilo lina maana.

Meza za dukani zilizotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa zina uso unaong'aa na bei ya kuvutia. Zikikaa mahali pakavu hudumu. Lakini sakafu ikipigwa deki kila siku, maji hupenya kwenye kingo, nazo huvimba na kumomonyoka. Zikivunjika, seremala wa kijijini hana namna nzuri ya kuzirekebisha.

Nne, ukavu na uundaji

Meza nyingi hupasuka kwa sababu ya mbao mbichi. Ubao hunywa na kutoa unyevu. Ukikauka husinyaa kwa upana, ilhali urefu wake karibu haubadiliki. Meza iliyoundwa wakati wa mvua kwa mbao mbichi itaachana viungo ifikapo Julai, upepo mkavu unapoanza.

Kipimo cha ukavu hakihitaji mashine. Chukueni kipande kimoja cha mbao hizo, mkipime kwenye mizani ya duka, mkiweke kivulini penye hewa kwa wiki moja, kisha mkipime tena. Kikiwa kimepungua uzito, mbao bado zinakauka na seremala asubiri. Haraka haraka haina baraka.

Wakati wa kukagua kazi, tazameni mambo haya:

- Miguu iungwe kwa ulimi wa ubao mmoja unaoingia katika tundu la mwingine, pamoja na gundi. Misumari peke yake hulegea.
- Uso wa meza ushikwe kwa skrubu zilizo katika matundu marefu kidogo, ili mbao zipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Uso uliogongomelewa misumari pande zote utapasuka.
- Vanishi ipakwe juu na chini. Ikipakwa juu tu, unyevu huingia upande mmoja na ubao hupinda.
- Nyayo za miguu zizibwe kwa vanishi au mpira, kwa sababu ya maji ya deki.
- Miguu ya meza kubwa ifungwe kwa bolti na nati, ili ifunguliwe wakati wa kupita mlangoni au kuhama.

Kagueni mara tatu: mbao zikifika, kabla ya vanishi, na siku ya kuchukua. Vanishi hufunika makosa mengi, hivyo ukaguzi wa pili ndio muhimu zaidi.

Tano, viti

Meza ikiwa na kimo cha inchi 30, kiti kiwe na kimo cha inchi 18 hadi pa kukalia. Tofauti ya inchi 12 humwezesha mtu mzima kula bila kuinama wala kuinua mabega. Mbao zinazounganisha miguu chini ya uso wa meza zisizidi inchi 4 kwenda chini. Hapo mapaja hubaki na inchi 7 za kupita. Mara nyingi meza huundwa na fundi mmoja, na viti na mwingine, bila vipimo hivi kulinganishwa.

Kiti huvunjika mahali pamoja: pale miguu ya nyuma inapokutana na pa kukalia. Kijaribuni kwa kukisimamisha sakafuni na kukitikisa kushoto na kulia. Kikicheza dukani, nyumbani hakitadumu. Bibi apewe kiti chenye mikono, apate pa kujishikia anapoinuka. Kama yeye anapenda mkeka wake, aheshimiwe; nafasi yake mezani ibaki wazi kwa siku atakayoitaka.

Sita, fedha

Meza haizai fedha. Kwa hiyo hatushauri inunuliwe kwa mkopo, hasa ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita "kausha damu". Hata mkopo wa VICOBA, ambao katika vikundi vingi hufikia mara tatu ya hisa za mwanachama, unafaa zaidi kwa mbegu, biashara au ada.

Afadhali familia inunue kwa awamu: kwanza mbao, ambazo zitaendelea kukauka huku fedha nyingine ikitafutwa, kisha meza na mabenchi mawili, halafu viti, viwili viwili. Kwa njia hii watu wote wanakaa tangu siku ya kwanza, wala hakuna anayedaiwa. Makubaliano na seremala yaandikwe: vipimo, aina ya mbao, tarehe na bei. Malipo ya kwanza yawe ya vifaa, na sehemu ya ufundi ibaki hadi kazi itakapokaguliwa.

Kwa kamati za parokia

Tunaziomba kamati zinapotoa zawadi kwa wanandoa wapya zisinunue meza kabla ya kuwauliza kuhusu chumba chao. Wengi huanza maisha katika chumba kimoja cha kupanga, na meza ya viti sita huishia kulala kwa mjomba. Zawadi ya mbao kavu, au ya fedha iliyowekwa kwa seremala wa kijijini kwa ajili ya baadaye, itawafaa zaidi. Wapo vijana waliosoma useremala VETA wanaokosa kazi. Kazi hizi zingewapa riziki, na wafadhili wetu wanaochangia mafunzo wangeona matunda yake hapa hapa kijijini.

Meza ikishafika, kitambaa cha kufuma kiondolewe jioni, sahani zipangwe kwa hesabu ya watu, na wadogo waitwe kunawa mikono kwanza. Tunawatakia familia zote mlo mwema na afya njema.