Panga na Umbo Lake: Uamuzi wa Mhunzi, Mteja na Lugha

Utangulizi

Kamusi za Kiswahili hulieleza panga kwa maneno machache: ni kisu kikubwa na kipana kitumiwacho kukatia miti, kufyekea au kutemea kuni. Maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo, hayamfai sana mtu aliyesimama mbele ya mhunzi akaulizwa anataka panga la namna gani. Je, liwe refu au fupi? Uzito uelemee ncha au mpini? Linolewe upande mmoja au pande zote mbili? Maswali haya huulizwa na kujibiwa kila siku katika masoko ya Kenya, na majibu yake ndiyo yanayoamua iwapo mkulima atamaliza kazi yake kwa wepesi au atarudi nyumbani na kiganja kilichochubuka.

Makala haya yanaeleza jinsi umbo la panga linavyoamuliwa, kwa kuchukua mazingira ya Karurumo katika Kaunti ya Embu kama mfano. Hoja kuu ni kwamba umbo hilo halitokani na fundi peke yake. Hutokana na mapatano baina ya kazi, chuma, fundi na mtumiaji, na mapatano hayo hufanywa kwa maneno. Pale maneno yanapokosekana, mtumiaji hulazimika kupokea umbo lolote atakalopewa.

Ngeli Kama Mchoro wa Kwanza

Kabla ya kufika kwa mhunzi, ni vyema kuangalia sarufi. Neno upanga lipo katika ngeli ya U-ZI: upanga huu, panga hizi. Neno panga lipo katika ngeli ya LI-YA: panga hili, mapanga haya. Asili ya neno panga ni ukubwa wa upanga, kama vile kapu lilivyo ukubwa wa kikapu na jumba lilivyo ukubwa wa nyumba. Lakini kinachobadilika hapa si ukubwa tu. Ngeli ya U-ZI ina vitu vingi virefu na vyembamba: ufito, uzi, ubao, unywele, ufagio. Kiambishi u- kinapoondolewa, kitu hutoka katika wembamba na kuingia katika upana na uzito. Upanga ni wa kuchoma na kukata katika vita. Panga ni la kutema na kufyeka shambani.

Kisu nacho kina mkondo wake: kijisu, kisu, jisu. Tofauti ni kuwa jisu bado hubeba hisia za ukubwa wa kukirihisha au kudharau, ilhali panga limekwisha kupevuka likawa jina la kawaida la zana. Jambo kama hili lipo pia katika lugha jirani za Kibantu. Katika Kigikuyu, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiembu, mzizi mmoja huzaa rũhiũ na kahiũ, la kwanza likiwa la zana ndefu na la pili likiwa la kisu kidogo. Kwa hiyo mzungumzaji wa lugha hizi anapochagua kiambishi, tayari amekwisha kuchora umbo la jumla la zana anayoizungumzia.

Mchoro huo, hata hivyo, unaishia hapo. Kati ya panga moja na jingine hakuna kiambishi cha kutofautisha, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoingia.

Kazi Ndiyo Huamua Umbo

Karurumo iko katika eneo la Runyenjes, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya. Katika miteremko hiyo majani chai hukuzwa sehemu za juu zenye baridi, kahawa na migomba hufuata chini yake, kisha nchi hushuka kuelekea Mbeere ambako mvua ni haba na vichaka vya miiba ni vingi. Katika umbali mfupi wa mteremko mmoja, mkono wa mkulima hukutana na mimea ya aina mbalimbali kabisa, na kila mmea una matakwa yake.

Kiswahili kina vitenzi vinavyoeleza matakwa hayo kwa usahihi. Kufyeka ni kupitisha makali kwa mkupuo mpana, karibu na ardhi, kuondoa nyasi na magugu. Panga la kazi hii linafaa kuwa jepesi, refu na jembamba wa bamba, maana mkono hurudia mwendo uleule mara nyingi sana. Kutema ni kupiga kwa nguvu na kwa pembe ili makali yazame katika mti mbichi au tawi. Hapa uzito hutakiwa uelekee mbele, karibu na ncha, ili panga lenyewe limsaidie mpigaji. Ndiyo sababu mapanga mengi ya Afrika Mashariki huwa membamba karibu na mpini, kisha hupanuka yanapokaribia ncha. Kuchanja ni kupasua kuni kufuata nyuzi za mti. Kazi hii huhitaji mgongo mnene unaotanua ufa, na kwa hakika shoka huifanya vizuri zaidi. Kupogoa ni kuondoa matawi yasiyohitajika bila kuujeruhi mti. Ncha fupi inayotawaliwa vyema ndiyo inayofaa.

Kuna pia panga la bucha. Katika bucha nyingi za Kenya nyama na mifupa hukatwa kwa panga juu ya gogo. Panga hili halihitaji ncha iliyopinda wala urefu wa kufikia nyasi. Linahitaji makali yaliyonyooka ili yakutane na gogo sawasawa, bamba lenye uzito wa kuvunja mfupa kwa pigo moja au mawili, na mpini usioteleza mkono ukiwa na mafuta. Mkulima akipewa panga hilo atalalamika kuwa ni zito. Mwenye bucha akipewa la kufyekea atalirudisha likiwa na mapengo. Wote wawili, hata hivyo, huliita panga.

Mhunzi na Mteja

Katika lugha za sehemu hii mhunzi huitwa mũturi, na kazi yake ina historia ndefu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichochapishwa mwaka 1938, anaeleza jinsi Wagikuyu walivyopata chuma kutokana na mchanga wenye madini na jinsi wahunzi walivyoheshimiwa na kuogopwa. Siku hizi mhunzi hahitaji kuosha mchanga mtoni. Malighafi yake ni vyuma vikuukuu, hasa springi za magari. Wengi huhesabiwa miongoni mwa mafundi wa jua kali, sekta ambayo serikali ya Kenya iliitolea sera maalumu mwaka 1992.

Mteja anayejua kazi yake humpa fundi maelekezo matatu au manne. Kwanza ni urefu, ambao mara nyingi hupimwa kwa mkono wa mtumiaji mwenyewe: panga likishikwa na mkono ukining'inia, ncha isiburuze ardhini. Pili ni mahali pa uzito. Fundi hulilaza panga juu ya kidole kimoja kutafuta mahali linapotulia bila kuelemea upande wowote. Mahali hapo pakiwa mbali na mpini, panga litapiga kwa nguvu lakini litachosha. Pakiwa karibu na mpini, litageuka kwa wepesi lakini pigo litakuwa hafifu. Hakuna panga linaloweza kutimiza yote mawili kikamilifu, na hapa ndipo wapenzi wa zana hubishana zaidi.

Tatu ni makali. Makali membamba hukata vizuri lakini hupata mapengo yakigonga jiwe au mfupa. Makali manene hudumu, ila huhitaji nguvu. Anayelima penye mawe huchagua ya pili. Nne ni mpini. Mpini ukiwa mwembamba mno, vidole hubana na kuchoka. Ukiwa mnene mno, mshiko hulegea. Uvimbe mdogo mwishoni mwa mpini huzuia panga lisichopoke na kumrukia mtu aliye karibu. Jambo hili huonekana dogo, lakini ni la usalama. Wakulima wengi hukamilisha muundo huu wenyewe kwa kuzungushia mpini ukanda wa mpira wa gurudumu.

Chuma na Moto

Matakwa ya mteja hukutana na mipaka ya chuma. Chuma cha springi huwa na takriban asilimia 0.6 ya kaboni, kiasi kinachokiwezesha kuwa kigumu bila kupoteza uwezo wa kunepa. Fundi hukikata kwa tindo, hukipasha moto wa makaa unaopulizwa kwa mivuo au feni, kisha hukifua juu ya fuawe hadi kengee lipatikane. Baada ya hapo chuma hupashwa tena mpaka kiwe chekundu na kuzamishwa majini au katika oili. Kikitoka humo huwa kigumu lakini huvunjika kama kigae. Hivyo hupashwa tena kwa moto wa wastani, na fundi huangalia rangi inayojitokeza juu ya chuma kilichosuguliwa: rangi ya nyasi kavu, kisha kahawia, zambarau na hatimaye samawati. Kisu kidogo cha kunyolea chaweza kuachwa katika rangi ya nyasi. Panga hupelekwa mbele zaidi, kuelekea samawati, kwa kuwa litapigwa kwa nguvu na ni heri lipinde kuliko kumvunjikia mtu mkononi.

Umbo la Kiwandani

Mapanga mengi yanayouzwa madukani hayapitii mazungumzo haya. Kampuni ya Ralph Martindale ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1874, ilijulikana sana barani Afrika kwa mapanga yenye alama ya mamba, nayo ilitengeneza miundo tofauti kwa masoko tofauti. Nchini Tanzania, kiwanda cha UFI cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitoa majembe na mapanga kwa wakulima. Faida ya kiwanda ni bei nafuu na usawa wa chuma. Hasara yake ni kwamba muundo huamuliwa mbali na shamba, na bamba huwa la unene mmoja, kwa kawaida milimita 2 au 3, liwe la nyasi au la kuni. Mkulima hupewa panga la wastani ambalo hufanya kila kazi kwa kadiri.

Hitimisho

Imeonekana kuwa uamuzi kuhusu umbo la panga ni uamuzi kuhusu kazi. Kiswahili kina njia ya kuutaja uamuzi huo, nayo ni kauli ya kutendea: panga la kutemea, panga la kufyekea, panga la kukatia nyama. Kitenzi fyeka kimekwisha kuzaa jina fyekeo, na mgema ana kisu chake chenye jina maalumu, kotama. Hakuna sababu ya mapanga mengine kukosa majina ya namna hiyo katika kamusi zetu.

Kuna hatari ya kweli katika kuchelewa. Vyuo vya ufundi nchini Kenya hufundisha kwa Kiingereza, wahunzi wazee husema kwa lugha zao za mama, na Kiswahili hubaki kuwa lugha ya kuulizia bei tu. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeketi kando ya fuawe na kuandika jina la kila sehemu ya panga, kila kitendo cha nyundo na kila kasoro ambayo wateja huilalamikia, atakuwa ameiongezea lugha istilahi ambazo haziwezi kubuniwa mezani. Kazi hiyo ianze mapema, wakati bado wapo wahunzi wa kujibu maswali hayo na wateja wanaojua wanachokitaka.