Tripu ya Poland: Vile Utapanga Safari ya Kufuata Historia ya Wayahudi, Kuanzia Warsaw Hadi Auschwitz

Neno "geto" sisi hulitumia kila siku. Liko kwa ngoma, liko kwa michoro ya mathree, na kila msanii akihojiwa lazima akumbushe watu ametoka geto. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa Mathare wala Dandora. Lilitoka Venice, Italia, mwaka wa 1516, wakati wakubwa wa mji huo waliamua Wayahudi wote waishi mtaa mmoja na malango yafungwe usiku. Miaka mia nne na kitu baadaye, Wanazi wa Ujerumani walilichukua wakalifanya kitu kingine kabisa, na geto kubwa kuliko yote walilijenga Warsaw, mji mkuu wa Poland.

Sasa kama umekuwa ukiweka doo polepole ya kwenda majuu, na hutaki kupiga picha kwa mnara wa Paris kama kila mtu, Poland ni form. Siyo tripu ya kujibamba tu, hiyo nikuambie mapema. Lakini ni tripu utarudi nayo kichwani.

Kwanza elewa ni nini unaenda kuona. Wayahudi walikaa Poland karibu miaka elfu moja. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa kama milioni 3.3, yaani mtu mmoja kati ya kila kumi nchini. Warsaw pekee, karibu theluthi moja ya mji ilikuwa Wayahudi. Vita vikiisha mwaka wa 1945, kama milioni tatu walikuwa wameuawa. Waliobaki wengi walihama, hasa baada ya mauaji ya Kielce ya Julai 1946, ambapo watu 42 waliuliwa vita vikiwa vimeshaisha, halafu tena mwaka wa 1968 serikali ya kikomunisti ilipoanza kuwasukuma nje. Kwa hivyo pahali pengi utaenda kuona kitu ambacho hakipo. Hiyo ndiyo shida ya hii safari na ndiyo maana inahitaji kupangwa. Ukienda bila kusoma, utapita mbele ya ukuta mzee ukidhani ni ukuta tu.

Na usidhani hii stori haina Kenya ndani. Mwaka wa 1903, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa Kizayoni ofa ya ardhi Uasin Gishu, pande za Eldoret, Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi na Ulaya Mashariki wahamie huko. Wakenya waliokuwa wakiishi hapo hakuna aliyewauliza, kama kawaida. Wajumbe walikuja wakaikagua, na mwaka wa 1905 mkutano wao ukakataa ofa. Halafu kuna Stefanie Zweig, mtoto Myahudi aliyezaliwa mwaka wa 1932 katika mji ambao siku hizi uko Poland. Familia yake ilitorokea Kenya mwaka wa 1938. Kitabu chake kuhusu huo utoto kilitengenezwa filamu, Nowhere in Africa, ikabeba Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka wa 2003. Icheki kabla uende. Ndani utasikia Kiswahili.

Warsaw: weka siku tatu

Anza na makumbusho ya POLIN. Hapo hawaanzi na vifo, wanaanza na maisha: wafanyabiashara wa zamani, wachapishaji vitabu, siasa, sinema, ndoa. Maonyesho makuu yalifunguliwa mwaka wa 2014, na mwaka wa 2016 yakachukua tuzo ya makumbusho bora ya Ulaya. Jipe masaa matatu au manne. Jumanne huwa wamefunga, usipange siku hiyo.

Nje ya mlango wa POLIN kuna mnara wa mashujaa wa geto, uliojengwa mwaka wa 1948 katikati ya vifusi. Hapo ndipo kiongozi wa Ujerumani Magharibi, Willy Brandt, alipiga magoti mbele ya kamera Desemba 1970.

Geto la Warsaw lilifungwa kwa ukuta Novemba 1940. Ndani walisongamanishwa watu zaidi ya 400,000 kwenye kilomita mraba kama 3.4. Msitu wa Karura una kama kilomita mraba 10, kwa hivyo chukua theluthi yake, toa miti, weka hao watu wote, halafu wapunguzie chakula hadi waanze kufa barabarani. Kuanzia Julai hadi Septemba 1942, karibu watu 265,000 walipakiwa kwa treni wakapelekwa kuuawa Treblinka. Aprili 19, 1943, Wajerumani waliporudi kumaliza waliobaki, vijana waliwangoja na bastola na mabomu ya kujitengenezea. Mordechai Anielewicz aliyewaongoza alikuwa na miaka 24 hivi. Walishikilia karibu mwezi mzima. Pahali alipofia, Miła 18, kuna kilima kidogo na jiwe. Hakuna tiketi, hakuna foleni.

Kitu ambacho mimi ningekuambia usikose ni Taasisi ya Historia ya Kiyahudi, barabara ya Tłomackie. Watalii wengi huiruka. Ndani ya geto, mwanahistoria Emanuel Ringelblum alikusanya kikundi cha siri cha watu kama 60, kazi yao ikawa kuandika kila kitu: bei ya mkate, insha za watoto wa shule, utani wa mtaani, mabango, hadi makaratasi ya peremende. Walijua stori ikiachiwa Wanazi itaandikwa na Wanazi. Wakafukia makaratasi ndani ya masanduku ya chuma na mikebe mikubwa ya maziwa. Sehemu moja ilichimbuliwa mwaka wa 1946, nyingine mwaka wa 1950, na ya tatu haijawahi kupatikana. Kwa hicho kikundi chote walinusurika watatu tu, na Ringelblum hakuwa mmoja wao. Mkebe mmoja uko hapo, unauona kwa macho yako. Angalia pia sakafu ukiingia, ina alama za moto uliotoka sinagogi kubwa ya jirani iliyolipuliwa Mei 1943.

Siku ya tatu nenda sinagogi ya Nożyk, iliyofunguliwa mwaka wa 1902 na bado watu husali humo, na makaburi ya Okopowa. Haya makaburi ni makubwa manze, zaidi ya hekta 30, miti imemea katikati ya mawe. Amezikwa hapo Zamenhof, yule jamaa aliyebuni lugha ya Kiesperanto. Wanaume mfunike vichwa, kofia yoyote ni sawa. Na Wayahudi kwa kawaida hawaweki maua kaburini, huweka kijiwe.

Treblinka yenyewe iko kilomita kama 80 hivi kutoka Warsaw. Hakukubaki majengo, kuna uwanja wa mawe 17,000 yaliyosimamishwa. Kufika na usafiri wa umma ni noma, mkiwa mbogi chukueni gari la kukodi.

Kraków, na mtaa wa Kazimierz

Treni kutoka Warsaw ni kama masaa mawili na nusu, na ukikata tiketi mapema inashuka bei sana.

Kraków haikubomolewa kama Warsaw, kwa hivyo mtaa wa Kazimierz bado umesimama, na masinagogi yake. Pita barabara ya Szeroka uone Sinagogi ya Zamani, ambayo sasa ni makumbusho, halafu Remuh, ambayo bado inatumika. Kando ya Remuh kuna makaburi yenye ukuta uliojengwa kwa vipande vya mawe ya makaburi yaliyovunjwa wakati wa vita. Simama hapo kidogo.

Lakini niseme ukweli, Kazimierz pia ni biashara. Utabebwa na vigari vya watalii, utaona hoteli zimejipamba kwa herufi za Kiebrania huku mwenye hoteli hana habari. Wengine wanaona ni sawa, mtaa umefufuka. Mimi naona ukila hapo jioni moja inatosha, halafu pesa zako nyingine peleka Galicia, makumbusho ya picha yanayoonyesha vile sehemu za Wayahudi kusini mwa Poland zinakaa leo. Pia kuna kituo cha jamii ya Wayahudi kilichofunguliwa mwaka wa 2008, kwa sababu ndiyo, bado wapo, ingawa ni wachache. Ukienda Juni mwishoni au Julai, ulizia tamasha la utamaduni wa Kiyahudi ambalo lilianza mwaka wa 1988. Muziki ni moto.

Ng'ambo ya mto kuna Podgórze, ambako geto la Kraków lilikuwa. Uwanjani utakuta viti vikubwa vya chuma, vitupu, vimepangwa kama watu wameondoka ghafla. Kwenye kona kuna duka la dawa la Tadeusz Pankiewicz, Mpoland aliyekataa kufunga geto lilipomzunguka. Kiwanda cha Oskar Schindler, yule wa filamu ya mwaka wa 1993, kiko karibu. Jua tu makumbusho hayo yanahusu zaidi maisha ya Kraków chini ya Wanazi kuliko Schindler mwenyewe. Tiketi huisha, kata mapema.

Auschwitz

Hapa punguza mchezo. Watu kama milioni 1.1 waliuawa hapa, karibu milioni moja wakiwa Wayahudi. Wengine walikuwa Wapoland, Waroma na wafungwa wa vita wa Kisovieti.

Basi kutoka Kraków ni kama saa moja na nusu. Kiingilio ni bure lakini lazima uweke nafasi kwa tovuti rasmi ya makumbusho, kwa jina lililo kwa pasipoti yako, na uibebe siku hiyo. Nafasi za bure bila mwelekezi ni chache, kwa hivyo lipia mwelekezi. Ziara huchukua masaa matatu na nusu hivi. Beba begi dogo tu, makubwa hayaingii. Kambi ni mbili, na basi la bure linakupeleka ya pili, Birkenau, ambayo ni uwanja wazi wa upepo. Viatu vya kutembea, siyo vya kupiga luku.

Picha zinaruhusiwa pahali pengi bila mwanga wa kamera. Ndani ya chumba cha nywele za waliouawa na vyumba vya chini vya Bloku 11, hapana. Mwaka wa 2019 makumbusho yenyewe yaliomba watu waache kupiga picha wakijibalansi juu ya reli. Hizo reli ndizo zilileta watu kuuawa. Kama kuna kitu unataka kuposti, subiri urudi hosteli, ulale, halafu asubuhi uone kama bado unataka.

Chunga pia maneno. Usiite hizi "kambi za Poland". Zilikuwa za Ujerumani ya Wanazi kwenye ardhi waliyovamia, na Wapoland hawachukulii hiyo poa. Jina rasmi kwa orodha ya UNESCO lilibadilishwa mwaka wa 2007 kwa sababu hiyo. Ukweli wa Wapoland wenyewe ni mchanganyiko: zaidi ya 7,000 wametambuliwa na Yad Vashem kwa kuokoa Wayahudi, nambari kubwa kuliko ya nchi yoyote, na pia kuna waliowauza majirani zao.

Kabla urudi Kraków, ingia mji wa Oświęcim wenyewe. Kabla ya vita zaidi ya nusu ya wakaaji walikuwa Wayahudi. Kuna sinagogi moja iliyobaki na makumbusho madogo kando yake. Watalii wengi hawafiki, wanakimbilia basi.

Ukiwa na siku mbili za ziada, pitia Lublin. Kambi ya Majdanek iko pembeni mwa mji, kiingilio bure, na imebaki zaidi kuliko Birkenau. Mjini, kwenye lango la Grodzka, kuna watu wanaofungua faili moja kwa kila Myahudi aliyeishi Lublin kabla ya vita. Faili ni zaidi ya 40,000, na nyingi hazina kitu ndani.

Kujipanga

Ijumaa jioni hadi Jumamosi ni Sabato. Makaburi na masinagogi hufungwa, kwa hivyo Jumamosi fanya makumbusho ya serikali au kaa kwa treni. Septemba na Oktoba sikukuu za Kiyahudi ni nyingi, cheki kalenda. Ningechagua Aprili. Tarehe 19 Warsaw nzima watu hudunga maua ya njano ya karatasi kifuani, kumkumbuka Marek Edelman, mmoja wa viongozi wa yale mapigano, aliyekuwa akipokea maua ya njano kila mwaka siku hiyo hadi alipofariki mwaka wa 2009.

KQ haiendi Warsaw, kwa hivyo utaunganisha Istanbul, Doha au Dubai. Pesa yao ni złoty, siyo euro. Hosteli na chakula ni bei nafuu kuliko Ufaransa au Uholanzi.

Visa ndiyo mlima. Unahitaji ya Schengen, euro 90, na ukikataliwa hairudi. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, bima ya angalau euro 30,000, taarifa ya benki, pahali pa kulala, na barua ya kazi au ya chuo kuonyesha uko na sababu ya kurudi. Sheria inakuruhusu kuomba miezi sita kabla, na kawaida jibu huchukua siku 15, lakini foleni ya kupata nafasi ya kupeleka makaratasi inaweza kuwa ndefu. Fuata maagizo ya ubalozi wa Poland hapa Nairobi, achana na broka anayekuahidi visa ya uhakika. Na tiketi ya ndege shikilia tu nafasi kwanza, usilipe yote kabla ya visa kutoka. Ukitaka kuwa Warsaw Aprili 19, makaratasi yaanze kutafutwa Novemba.